Hodi ya Mwahija

Safari yenyewe iliitwa "Zoezi la Ubadilishaji wa Betri za Vinasa Sauti vya Bayoanuwai, Awamu ya Pili". Betri zilikuwa nne. Rafiki yangu Haruna alizibeba mfukoni hadi kwenye msitu unaooteshwa upya juu ya Kipatimu, akifuatana na Mwahija, mama Imani, mjane wa Likwata aliyekuwa mlinzi wa msitu huo.

Likwata hakuingia msituni bila kupiga hodi. Mwahija hakuwa na sauti yake popote, hata kwenye simu, akatumaini vile vinasa vya mitini viliinasa.

"Shemeji, hiyo hodi tu," alimwambia Haruna. "Nikiisikia mara moja, nitarudi nyumbani."

Walipofika kwenye miti ya kwanza, Mwahija mwenyewe akapiga hodi. Ndege hondohondo wakanyamaza. Hakuna aliyeitikia, wakaingia kwenye giza la majani, ingawa jua lilikuwa kali huko nje.

Haruna alikifungua kinasa sauti kilichofungwa mtini, akatafuta, akainamisha kichwa.

"Shemeji, nisamehe. Za zamani zote zimeshapita kwenye kompyuta ya ofisini, nayo inabakiza ndege na vyura tu. Sauti za watu inazifuta, inaziita kelele."

"Hata mume wangu ni kelele?"

Ili Mwahija asiondoke mikono mitupu, Haruna akamchezea sauti zilizonaswa muda ule ule. Walisikia hondohondo, nyayo zao, kisha hodi ya Mwahija na kile kimya.

Ndani ya kimya kile Likwata, waliyemzika mwezi wa Machi, alijibu: "Karibu, mama Imani. Ila huku kuna giza."