Komeo la Nje

"Shemeji, acha cherehani hapo hapo, njoo! Mtu wa serikali amekuja, anataka kung'oa komeo."

Kocha akakata simu. Huyo ndiye mwenye nyumba ya soba, wanakoishi watu wanaoacha pombe, na komeo alilolisema lilikuwa kwenye mlango wa chuma wa chumba cha mume wa huyo fundi cherehani aliyempigia. Mume mwenyewe ni fundi wa kuchomelea vyuma, na watu humwita Cheche. Mkewe alifika mbio, futi ya kupimia ikiwa bado inaning'inia shingoni.

Mkaguzi, mama wa makamo mwenye raba miguuni na uso usiotaka utani, alikuwa ameinamia mlango ule.

"Hili komeo mbona liko nje?"

"La usalama, mama," Kocha akajibu.

"Usalama wa nani? Moto ukiwaka saa hizi, huyo wa ndani atatokea wapi?"

Mkaguzi akaligonga komeo kwa kalamu.

"Kanuni mpya inasema anayekaa humu akae kwa hiari yake. Komeo litoke sasa hivi, la sivyo nafunga nyumba na wote warudi kwao."

Mke akajipenyeza katikati yao.

"Mama, nakuomba usilitoe. Nimelinunua mimi."

"Wewe ni nani?"

"Mke wake. Alitoroka hapa mara mbili kwenda kunywa. Mara ya pili nilimkuta kalala mtaroni, kiatu kimoja. Nikamwambia achague, komeo au talaka. Akachagua komeo, tena akalichomelea kwa mkono wake. Wewe unaona chuma, mama. Mimi hapo naona ndoa yangu."

"Sawa, mwanangu. Sasa siku akitoka utajuaje kama ameacha pombe, au alikosa tu njia ya kuifuata?"

Swali hilo lilimchoma, maana ndilo lililokuwa likimnyima usingizi. Kila Jumapili, siku ya kutembelea wagonjwa, alikuja, akakaa na mumewe, wakacheka, kisha akarudi nyumbani na swali lile lile. Kumpenda anampenda, hilo halina ubishi. Kumwamini ndiko kulikomshinda.

"Sitajua," akasema. "Ndiyo maana naogopa mkilitoa. Akiondoka tena, mimi naye basi."

Kocha akiwa anapekua sanduku la vifaa, sauti ikatoka ndani ya chumba.

"Mke wangu."

"Abee."

"Huyo Kocha anahangaikia nini huko?"

"Msumeno wa chuma!" Kocha akajibu mwenyewe. "Umeme umekatika, mashine ya kukatia haifanyi kazi."

"Hauhitajiki. Sogeeni pembeni."

Mlango ukapigwa bega moja, wala si la nguvu. Komeo likadondoka sakafuni pamoja na kufuli lake. Cheche akatoka na kandambili zake, kikombe cha chai mkononi.

"We!" Kocha akashika kichwa. "Mimi nalala fofofo kwa kuamini chuma hicho!"

Mke akaliokota komeo, akaligeuza. Nyuma palikuwa na alama moja tu ya kuchomelea, ndogo kama kifungo cha shati. Kwingine kote kulikuwa na rangi tupu.

"Nukta moja?"

Mke wa fundi chuma anajua kwamba nukta moja haishikilii hata mguu wa stuli.

"Moja."

"Kwa hiyo ulinidanganya."

"Siku ile nilikudanganya, sikufichi. Nilikuwa najiachia njia ya kutorokea."

"Na umeitumia mara ngapi?"

Cheche akatazama chai yake.

"Sijaitumia. Siku ya kwanza niliweka bega mlangoni. Nikakuwaza wewe, nikarudi kitandani. Kesho yake hivyo hivyo. Siku hizi kuna wakati hata sikumbuki kwamba mlango unasukumika."

Mke akalia, mbele ya serikali na mbele ya Kocha, bila kujificha. Mkaguzi akaona ni wakati mzuri wa kwenda kukagua dirisha.

"Basi twende nyumbani," mke akasema, akijifuta kwa kiganja.

"Bado. Juzi bega lilirudi tena mlangoni. Niache nimalize."

"Utakaa na mlango uko wazi?"

"Si nilikuwa nakaa?"

"Komeo liwekwe kwa ndani," Mkaguzi akasema kutoka dirishani. "Na safari hii, fundi, chomelea kama mtu anayelipwa."

Umeme ulirudi jioni. Mke alikuwa akipiga pasi gauni la mteja, simu ikatoa mlio wa ujumbe.

"Nimeshaliweka, liko ndani, nimelizungushia moto pande zote. Jumapili ukija, bisha hodi."

Akaandika: "Nitabisha. Ukichelewa kufungua nakuja na bega."

Jibu halikukawia.

"Hili halisukumiki, mke wangu. Itabidi nifungue mwenyewe."