Ndiyo ya Agnela

Kila akitoka shule, Agnela alifanya mambo yaleyale: alivua sare, akala kiporo, akawasha televisheni na kuganda kwenye kochi mpaka giza liingie. Bibi yake, Anyesi, alisema mpaka akachoka. Nyumba yao ya Tengeru ilikuwa na watu wawili tu na ng'ombe mmoja, Malaika, ambaye maziwa yake ndiyo yaliyowalisha.

Siku hiyo tamthilia ilikuwa imekolea. Bibi alijifunga kanga yake tayari kwenda kwenye maombi ya jumuiya, akasimama mlangoni kutoa maagizo.

"Umenisikia, Agnela?"

"Ndiyo, Bibi," akajibu bila kugeuza shingo.

Baadaye kidogo Malaika akalia njaa. Agnela akatoka mbio, na hapo akachanganyikiwa. Kando ya banda palikuwa na mafungu mawili: mabua makavu ya mahindi, na majani mabichi ya maharage yaliyolowa mvua. Bibi alisema lipi? Ile "ndiyo" yake aliikumbuka vizuri sana, lakini alichokiitikia, wapi! Akajisemea kwamba kibichi ndicho kitamu, akayamwaga majani yote horini, akarudi kwenye tamthilia.

Matangazo yalipoanza, akaenda kuchungulia. Jamani! Tumbo la Malaika lilikuwa limevimba upande wa kushoto, limekaza kama ngoma, naye anakoroma na kupigapiga miguu. Agnela hakuelewa kitu. Ng'ombe ameshiba, mbona anaumwa? Au ndiyo kushiba kwenyewe? Muziki wa tamthilia ukasikika tena kutoka ndani. Akaelekea mlangoni, akarudi bandani, akaelekea tena mlangoni. Mwisho akaingia, akaizima televisheni, akakimbilia kwa jirani.

"Shikamoo, Mzee Kaanaeli! Malaika anavimba!"

"Marahaba. Umempa nini?"

Agnela angeweza kusema hajui.

"Majani ya maharage. Bibi aliniagiza, nikaitikia, lakini sikumsikia. Nilikuwa natazama televisheni."

"Afadhali umesema kweli. Majani mabichi yaliyolowa humjaza ng'ombe hewa tumboni. Sasa najua pa kuanzia."

Mzee akachukua chupa ya mafuta ya kula, wakamnywesha Malaika taratibu, kisha wakamtembeza kupanda kilima. Agnela alimsugua tumbo huku analia. Hatimaye ng'ombe akacheua kwa kishindo, hewa ikatoka, na tumbo likaanza kulegea.

Bibi aliporudi, Agnela alimweleza yote. Bibi akaenda kwanza kumpapasa Malaika tumbo.

"Nilisema umpe mabua kwanza, hayo mabichi yasubiri yanyauke. Televisheni sikukatazi, mjukuu wangu. Lakini uwe unaizima kidogo, utazame na sisi tuliomo humu ndani. Ukiitikia usichokisikia, umenidanganya, na leo uongo huo nusura umuue Malaika."

Kesho yake, katikati ya tamthilia, Bibi alifungua mdomo. Agnela akazima televisheni haraka, akageuka.

"Abee, Bibi! Unasemaje?"

"Sijasema kitu. Nilikuwa napiga miayo tu," Bibi akacheka. "Lakini kwa vile umeshaizima, twende tukamwone Malaika."