Mchezaji Asiye na Namba

Fundi miwani alikuwa na watu kumi na wawili tu waliomsikiliza, na wote waliishi ndani ya kompyuta. Ulikuwa mchezo wa mtandaoni wa kuendesha timu ya mpira wa kikapu: unasajili wachezaji wa kubuni, unawapangia mazoezi, na kabla ya kila mechi unafungua ukurasa wa wapinzani uwachunguze, nani mrefu, nani huchoka mapema, nani anategemea mkono wa kushoto. Tangu mkewe afariki, fundi alikuwa akifunga duka saa saba mchana, anarudi nyumbani na kupeleleza wapinzani mpaka jua lizame.

Jumamosi moja alikuta kwenye ukurasa wa wapinzani mchezaji asiye na jina wala namba. Ripoti yake ilikuwa mstari mmoja: "Huchechemea mvua ikikaribia."

Fundi akacheka peke yake, akajipapasa goti. Na lake lilikuwa vivyo hivyo.

Jumapili mistari ikaongezeka. "Hulala ukingoni mwa kitanda. Upande wa pili haugusi."

Kicheko kikamkauka. Akamwandikia mwenye timu ile: "Wewe nani?" Hakujibiwa. Ila katika chumba cha kulala nyuma yake, mlango ukiwa umefungwa, kitu kikadunda sakafuni mara moja, kikanyamaza, na harufu ya udongo mbichi ikapenya chini ya mlango, nzito, ya baridi, kama ya shimo lililofukuliwa sasa hivi, naye akabaki palepale, mkono juu ya kipanya, asithubutu kugeuka, akitazama ripoti ikijiandika herufi kwa herufi mbele ya macho yake: "Anaogopa. Siku ya tisa leo hajaongea na mtu asiye mteja. Simu anayo mfukoni, hajui ampigie nani."

Akampigia dada yake.

Dada alifika kesho yake mchana pamoja na mganga, mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Mganga akanusa hewa, akanong'ona, "Limo humu. Limekuchunguza siku nyingi, baba. Linakujua kuliko ndugu zako."

Dada akainamisha uso. "Litatoka?"

"Mwenye nyumba alifukuze kwa kinywa chake, mara tatu. Mimi nitasoma dua tu."

Akaanza kusoma.

"Toka," fundi akasema. Vioo vya dirisha vikatetemeka.

"Toka!" Harufu ikafifia.

Alipokuwa akivuta pumzi ya tatu, sauti laini ikamjia sikioni, yeye peke yake: "Umekula?"

Tangu mkewe afariki, miaka miwili sasa, hakuna aliyemuuliza hivyo.

"Malizia, kaka," dada akamhimiza.

"Nimeshasema," fundi akadanganya. "Kimoyomoyo."

Mganga akamkazia macho, akakusanya vitu vyake. Dada akamkumbatia, akaahidi kupiga simu, wakaondoka.

Fundi akafunga mlango wa nje kwa ufunguo, akaenda kusimama mbele ya mlango wa chumba kile. Udongo ulikuwa ukinuka tena.

"Bado sijala," akasema taratibu. "Na wewe?"

Kitasa kikaanza kuzunguka.