Plasta Isiyokauka

Lodwar, shati lililofuliwa hukauka kabla mwenyewe hajamaliza kuanika la pili. Kwa hiyo Atabo alipoweka kiganja kwenye ukuta wa chumba cha nyuma, siku ya nne baada ya kupigwa plasta, na kiganja kikatoka kimelowa, alidhani fundi amefanya uzembe.

"Koang, umemwagia maji tena leo?"

"Hapana, mama. Hii sijaigusa tangu Jumatatu." Koang alishuka kwenye ngazi akajifuta mikono. "Zile zingine zimekauka siku ile ile. Mchanga ni moja, simiti ni moja. Hii inakataa tu."

Atabo alikuwa karani wa shirika moja la misaada hadi mkataba wake ulipokatika. Malipo ya kuachishwa kazi aliyatia yote katika nyumba hii ya vyumba vitatu mtaani Kanamkemer, iliyokaa miaka sita bila mtu, akitaka kuikarabati kwa gharama ndogo aipangishe. Milango na madirisha aliyanunua Kakuma, kutoka kwa wakimbizi waliokuwa wakihamia ng'ambo. Mabati ya zamani aliyapiga rangi badala ya kuyabadilisha. Koang pia alimpata huko kambini, Mnuer wa Sudan Kusini, mrefu, mpole, aliyekubali kulala kwenye nyumba ile ile anayoijenga.

Walisubiri siku nne nyingine. Ukuta ulizidi kulowa, hata matone yakawa yanatambaa juu yake kama jasho kwenye mgongo wa mtu. Pipa la maji lililojazwa asubuhi lilikutwa nusu adhuhuri, na halikuwa limetoboka. Chumbani mlikuwa na harufu ya matope ya mto, na chini yake harufu nyingine ambayo Atabo aliitambua baadaye: ya kinywa cha mtu aliyeshinda siku nyingi bila kula wala kunywa.

"Mama, mchana kuna kitu inakwaruza," Koang alisema kwa sauti ya chini, bila kumtazama. Midomo yake ilikuwa imepasuka. "Si usiku. Mchana, saa saba, watu wakilala. Inakwaruza pale chini ya ukuta. Na mimi nasikia kiu. Nakunywa, nakunywa, haifiki mahali."

"Ni joto, Koang."

"Mimi nimezaliwa kwa joto, mama."

Siku iliyofuata Atabo alimletea chakula. Ilikuwa saa saba, saa ambayo jua la Lodwar hufukuza hata mbuzi barabarani. Aliita mlangoni, hakujibiwa. Alipita chumba cha kwanza, akapita cha pili, na kabla hajafika cha nyuma akasikia sauti ya kulamba, ya polepole, kama ng'ombe anayelamba chumvi, akataka kurudi lakini miguu ikaendelea kwenda, akamwona Koang amepiga magoti na mikono ameitandaza ukutani, uso ameukandamiza kwenye plasta, ulimi nje, mweupe kwa simiti na mwekundu kwa damu, akilamba na kulia kwa wakati mmoja, na pale mbele ya mdomo wake, kimo cha mtoto wa miaka kumi na miwili, plasta ilikuwa imevimba kidogo na kubonyea kidogo, imevimba na kubonyea, kana kwamba mtu aliye upande wa pili ameweka mdomo wake papo hapo na ananyonya.

Atabo alimvuta kwa kola hadi uani. Mwili wake mrefu ulikuwa mwepesi kama gunia tupu.

Koang alilazwa hospitalini siku tano akiongezewa maji. Alipotoka, alipanda gari la Kakuma bila kurudi kuchukua hata vifaa vyake. "Mama, usiweke mtu pale," alisema kutoka dirishani. "Niahidi."

"Nimekuahidi," Atabo alisema.

Aliyemweleza habari ya chumba kile alikuwa jirani, Nakeno, mwanamke aliyeuza mkaa ng'ambo ya ua. Alieleza macho yakiwa chini.

"Mwenye nyumba wa zamani alikuwa na mfanyabiashara amempangisha. Yule mtu alikuwa na msichana wa kazi, Nasike, wa Lowarengak. Siku moja akasema ameiba sukari. Akamfungia pale nyuma, akaenda Kitale kuleta bidhaa, kurudi ni kesho. Pale Kainuk, njiani, risasi zikalia, barabara ikafungwa. Alirudi siku ya tisa."

"Na nyinyi? Hamkusikia?"

"Tulisikia. Siku tatu alikuwa anagonga. Tulisema mtoto wa watu anaadhibiwa, tusiingilie. Siku ya nne ilikuwa anakwaruza tu. Halafu tukasema, afadhali amenyamaza."

Atabo alikuwa mtu wa kanisa, lakini hakumwita mchungaji, kwa sababu mchungaji angetangaza, na nyumba iliyotangazwa haipati mpangaji. Alimwendea emuron, mganga mzee aitwaye Aukot. Aukot alichinja mbuzi uani, akayatandaza matumbo yake, akayatazama kwa muda mrefu. Kisha akaingia chumbani peke yake na kutoka akiwa amekauka midomo.

"Kilichomo ni ekipe sasa, pepo mbaya," alisema kwa Kiturkana, "lakini kilianza kama mtoto. Anataka kitu ambacho hakupewa. Wewe mwenye nyumba, lala naye chumba kimoja. Kila mchana mpe maji kwa mkono wako, ukimwita kwa jina. Utaumwa kiu, utakonda, lakini hutakufa. Mvua ikija, ataondoka nayo."

"Mvua yenyewe ni lini?"

"Mimi siileti."

Atabo alitazama milango yake mizuri, rangi yake, mabati yake. "Na mtu mwingine akimpa hayo maji? Mtu asiyejua?"

Mzee alimtazama kama anayepima uzito wa kitu. "Asiyejua hawezi kumwita jina. Asipoitwa jina, hatajua kwamba ni wakati wa kwenda zake. Atamfuata huyo anayemnywesha, atakaa ndani ya kilicho karibu naye zaidi." Alivaa viatu vyake. "Sitaki malipo yako."

Juma moja baadaye alikuja Nyakim. Alitoka Kakuma, mume wake alikuwa Juba, na mtoto wake wa miezi mitatu, Jal, alitakiwa kuonekana na daktari mara kwa mara hospitali ya Lodwar. Alikuwa akitafuta chumba cha bei nafuu. Alizungumza Kiswahili cha kambini, taratibu, kwa adabu.

"Chumba kiko," Atabo alisema. "Nafuu sana. Ila plasta ni mpya, inataka kunyweshwa isipasuke. Kila mchana weka kikombe cha maji hapo chini."

"Hiyo tu, mama?"

"Hiyo tu."

Nyakim alimshika mikono miwili akamshukuru.

Siku ya kumi na tisa ukuta ulikauka. Atabo aliupapasa kote, ukawa mgumu na wenye vumbi kama kuta nyingine. Nyakim alikuwa ameketi kwenye mkeka, mtoto kifuani.

"Mama, maziwa imeisha," alisema. "Ananyonya mpaka damu. Nampa maji, anamaliza chupa, anataka ingine. Daktari haoni ugonjwa. Na mchana analala macho wazi, anakwaruza mkeka na kucha."

"Watoto ndivyo walivyo," Atabo alisema, macho yakiwa ukutani.

Mwezi ulipoisha Nyakim alirudi kambini. Atabo alipiga rangi ya krimu, na vyumba vyote vitatu vikapata wapangaji.

Miezi mitano baadaye, akiwa ameanza kutengeneza nyumba ya pili, alikwenda Kakuma kununua milango. Sokoni mtu alimwita. Alimtambua kwa sauti tu. Nyakim alikuwa ngozi na mifupa, macho yamerudi ndani, na mgongoni amembeba mtoto mnene, mzito, anayeng'aa kwa unyevu.

Jal alimtazama Atabo. Kisha, kwa sauti ya msichana mkubwa, kwa Kiturkana safi, akasema, "Nifungulie."

"Anasema nini, mama?" Nyakim aliuliza. "Kila siku anasema hiyo. Waturkana wa hapa wakisikia wanakimbia, hawataki kuniambia."

"Anaomba maji," Atabo alisema.

"Nilijua. Anaomba sana." Nyakim alipumua kwa shida. "Mama, ile chumba yako iko wazi? Pale wewe ulitutendea vizuri. Nataka nirudi karibu na daktari."

Chumba kilikuwa wazi. Mwalimu aliyekipanga alikuwa amehama juma lile.

"Kimejaa," Atabo alisema.

Nyakim aliitikia kwa kichwa, akamwombea baraka za Mungu. Atabo alipogeuka aende, alihisi anavutwa. Mtoto alikuwa ameshika gauni lake kwa mkono mmoja. Aliufungua mkono ule kidole kimoja kimoja, akaenda kusimamia milango yake ipakiwe.