Meno ya Bubu

Jumatatu asubuhi Bubu aliota jino.

Bubu alikuwa kopo la plastiki lililojaa maji, ukubwa wake kiasi cha kichwa cha mtu. Kila siku kabla ya mgonjwa wa kwanza, Batul alimweka pale wagonjwa wanapoweka kidevu, mashine ya eksirei ikamzunguka mara moja, na kwenye skrini likatokea duara la kijivu, tupu kila upande. Likiwa tupu, mashine ni nzima. Kazi ya Bubu duniani ilikuwa hiyo tu, kutokuwa na kitu ndani, na kwa miezi minne, tangu mashine hii mpya ifungwe, hakuwahi kuikosea.

"Rhimu, hebu njoo uone."

Rhimu, mjane aliyekaa mapokezi, alikuja huku anatafuna mkate. Akainama kwenye skrini, akasema kwa heshima ya kimzaha: "Lalla Batul, huyu keshakua. Mtafutie mchumba."

Walicheka. Kisha Batul alilishika kopo akalipeleka dirishani, akaligeuza huku na huku. Maji matupu. Akapiga picha tena, na jino likarudi palepale, gego zuri lenye mizizi yake miwili, likielea katikati ya kijivu.

Daktari Ghizlan, mwenye kliniki, alipoitwa hakuitazama skrini sana. Alimtazama Batul mdomoni.

"Hitilafu ndogo," alisema. "Futa hiyo picha. Wagonjwa wasisikie, mji wenyewe huu Tetuani, kesho wataiongezea hadithi pembe."

Batul alifuta. Ghizlan akisema jambo, yeye hakuwa na desturi ya kuuliza mara mbili. Walikuwa wamenyonya ziwa moja. Mama yake Ghizlan alishikwa na homa ya uzazi, mama yake Batul akawachukua wote wawili, huyu kulia na huyu kushoto, na tangu hapo watoto hao hawakutengana. Mmoja akasomea udaktari wa meno, mwingine akasomea eksirei, wakafungua kliniki kwenye nyumba ya zamani ya ukoo wa Ghizlan, juu ya kisima kilichozibwa.

Mchana ule chai ya mnanaa haikuwa na ladha upande wa kulia wa mdomo wa Batul.

Jumanne Bubu alikuwa na meno manne. Chumba kilinuka sufu mbichi na maji yaliyolala, ingawa Rhimu alikuwa amepiga deki kwa sabuni. Jumatano yalikuwa tisa, na sauti ile ya mwanamume iliyorekodiwa ndani ya mashine, ambayo siku zote huwaambia wagonjwa "Usisogee, usimeze mate," ilisema jambo lake la kawaida, ikanyamaza kidogo, kisha ikaongeza kwa upole, "Batul."

Alhamisi taya zima la chini lilikuwa limekamilika, na hapo ndipo Batul alipolitambua. Gego lenye mzizi uliojipinda. Jino la mbele lililozibwa pembeni. Aliifungua picha yake mwenyewe, ile ya siku mashine ilipofungwa, Ghizlan aliposema kwa furaha, "Simama wewe wa kwanza, dada, mionzi yenyewe kidogo tu." Akaziweka mbili sambamba. Hazikupishana hata unywele.

"Rhimu, nibonyezee kitufe. Nataka kujipiga picha mwenyewe."

"Una nini? Umekuwa mweupe."

"Bonyeza tu, nakuomba."

Mkono wa mashine ulimzunguka polepole. Picha ilipokuja, meno yake yalikuwepo, yamesimama kwenye mstari wake, lakini mfupa ulioyashika ulikuwa na kijivu kile kile kitupu cha kopo la maji, na kijivu hicho kilikuwa kimeanza kupanda kuelekea masikioni. Rhimu aliacha kutafuna. Alimshika mkono, akamtoa nje kwa mlango wa nyuma, moja kwa moja hadi kwa mzee waliyemwita kwa heshima Si Mfaddal, fakihi aliyewasomea dua watu wenye majini.

Mzee yule alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mlipoifunga hiyo mashine juu ya kisima, mlichinja nini?"

"Hatukuchinja. Daktari alisema hataki damu kwenye marumaru mpya."

"Na mashine ya zamani? Ilikuwaje mkakaa nayo salama?"

"Ile ilikuwa na mionzi mingi kwa kila picha. Hii ni kidogo sana."

"Basi ndiyo hivyo. Ile iliwachoma majini wa kisimani, wakabaki chini. Hii mpole, tena inazunguka, kama mtu anayewakaribisha." Alisugua magoti yake. "Lakini wasingekujua wewe kwa jina, mwanangu. Kuna mtu kakutaja. Tazama kwenye mguu wa mashine. Ukikuta kitu chako, kitoe kwa mkono wako mwenyewe, taja jina la Mungu, usigeuke. Utapona. Ila ahadi itabaki shingoni mwa aliyeiweka. Akitoa cha kwake kwa hiari yake, wataridhika. Asipotoa, watachukua walichokitaka mwanzo."

Ijumaa, watu wakiwa msikitini na harufu ya chakula cha kuskusi imejaa vichochoroni, Batul aliingia peke yake kwenye kliniki iliyofungwa. Jua lilikuwa kali dirishani. Alifungua kifuniko cha chuma kwenye mguu wa mashine, akaingiza mkono hadi kiwikoni, na huko ndani kulikuwa na ubaridi wa kisima, na kulikuwa na kitu kinachotafuna, taratibu, bila haraka, karibu sana na vidole vyake, kikitafuna na kunyamaza na kutafuna tena kila alipovuta pumzi, na mashine iliyokuwa imezimwa tangu jana ikaanza kuzunguka juu ya kichwa chake huku ile sauti ikimsihi usisogee, usimeze mate, usisogee, Batul, bado kidogo tu, mpaka vidole vyake vikagusa kitambaa cha pamba, akataja jina la Mungu kwa sauti, akavuta.

Lilikuwa gego lake la mwisho. Ghizlan alimng'oa majira ya kuchipua, akakataa hata senti, akamwekea barafu shavuni kwa mkono wake.

"Liache," Ghizlan alisema mlangoni.

Batul hakugeuka. "Ni wewe."

"Walinijia ndotoni mara tatu. Walimtaka mwanangu Zineb. Ana miaka sita, Batul! Ningefanya nini? Nikawaambia nina ndugu. Wakasema ndugu anatosha."

"Tumenyonya ziwa moja, Ghizlan. La mama yangu."

"Ndiyo maana walikubali."

 Batul alimweleza maneno ya fakihi yote, bila kuficha hata moja, kwa sababu alimpenda mtoto yule. Kisha akapita pembeni yake na jino lake mkononi, akaenda nyumbani. Jioni supu ya bisara ilikuwa na ladha ya kitunguu saumu pande zote mbili za mdomo, naye akala akilia.

Jumatatu simu iliita saa mbili asubuhi.

"Nimempiga Bubu picha," Ghizlan alisema. Alikuwa anahema. "Ana meno ya utotoni, Batul. Madogo. Na chini yake, ndani ya ufizi, yale ya ukubwani yamejipanga yanasubiri. Ni ya Zineb. Rudisha lile jino, nakuomba. Wewe dada yangu."

"Fakihi alisema utoe la kwako."

Batul aliibana simu sikioni.

"Tangu mwanzo, Ghizlan. Ulipowaambia una ndugu. Uliwahi kuwapa la kwako?"

 Mahali fulani nyuma ya pumzi za Ghizlan kitu kilikuwa kinatafuna.

"Koleo unalo. Ganzi unayo," Batul alisema. "Jino moja tu, mwanao anapona."

Alisikia droo ya vyuma ikivutwa. Alisikia vyuma vikigongana, kimoja kikitolewa, kikiwekwa mezani. Alisubiri, simu imemganda sikioni, na licha ya yote akajikuta anamwombea. Kisha droo ikafungwa.

"Batul," Ghizlan alisema kwa sauti ya chini, karibu ya furaha. "Rhimu nilimng'oa jino Jumamosi. Bado ninalo."