Mke wa Kwenye Kadi

Maiti ilikuwa kwenye kitanda cha kwanza katika wodi ya wanawake, uso umevimba hadi macho yamezibwa. Kadi ya mfuko wa afya ilimtaja Hafidha, mke wa Musa, mwenye duka la vitenge kijijini Lundo.

Muuguzi Lidia, aliyehamia kituoni juzi tu, alikuwa tayari chini ya ulinzi. Alimchoma mgonjwa sindano ya penisilini, naye akakata roho papo hapo. Watu nje walitaka afungwe.

"Ulimuuliza kama sindano hiyo inamdhuru?" aliuliza Inspekta Romanus.

"Nilimuuliza, afande. Akasema huchomwa hapa mara kwa mara, hana shida."

Ilikuwa kweli kwa Hafidha. Tangu mfuko uanze, wenye kadi walifika kituoni hata kwa kikohozi, na wasio nayo walikufa na homa zao nyumbani.

Musa aliitwa kuutambua mwili. Alifunua shuka, akairudisha.

"Huyu ni Adija, mke wangu mdogo."

Kadi haikuwa na picha, akaeleza, na iliandikwa mke mmoja tu. Adija aliazima jina la mwenzake. Aliwahi kuvimba hivyo zamani, alipochomwa sindano kwenye zahanati nyingine, lakini Hafidha alitoka kwa mganga wa zahanati hiyo na jibu kwamba kilichomdhuru ni usipa, dagaa wa ziwani. Adija hakugusa tena usipa.

Romanus alizaliwa mwambao huo wa ziwa. Mtu aliyekua akila usipa kudhurika nao ukubwani, hilo halikumwingia akilini. Akamwita Hafidha, maana habari ya ugonjwa wa mke mdogo hupewa mke mkubwa.

"Mganga alikwambia nini siku ile?"



"Kwamba asichomwe tena penisilini."

"Mbona ukamwambia usipa?"

"Nilitaka kumkomoa tu. Aliupenda sana."

"Na safari hii?"

"Nilimpa kadi. Nikamwambia wakimuuliza habari ya sindano aseme amezizoea, la sivyo watajua kadi si yake."

"Ulijua atakufa?"

"Nilijua."

"Alikukosea nini?"

"Musa alisema mwakani kadi iandikwe jina la Adija, kwa kuwa yeye bado anazaa. Ndoa yangu haikuandikwa popote, afande. Ni kadi hiyo tu iliyosema mimi ni mke wake."

Romanus alimwonea huruma, na huruma hiyo ikamuudhi. Aliagiza Lidia aachiwe, kisha akamfunga Hafidha pingu.