Harufu ya Dizeli Barabara ya Mpui

Hebu niambie, wewe unayejua magari: dizeli itanukaje ndani ya gari lisilo na tangi?

Naima alikuwa na shahada, na gari la umeme la kubeba abiria kati ya Sumbawanga na Mpui. Siku alipolinunua, mama yake alilia kama yuko msibani kwa ile bei. Lakini akilichomeka ukutani usiku, asubuhi anakwenda na kurudi kwa umeme usiofika hata theluthi ya gharama ya dizeli inayonywewa na basi dogo la haisi. Nauli akaishusha. Mchana abiria waligombea viti.

Jioni walilikwepa. Watu wa Mpui hungoja gari kwa masikio: mngurumo ukisikika kule bondeni, ndipo wanabeba mizigo. Hili lilijitokeza tu mgongoni mwao, kimya, kama kitu kilichotumwa.

"Lisilonguruma linaendeshwa na nini?" walinong'ona. Na huku Ufipa, nchi inayosifika kwa uchawi, swali kama hilo halikosi wa kulijibu.

Jioni moja alikwenda kumchukua Bibi Dominika, mzee anayesikilizwa na Mpui nzima, pamoja na kiroba chake cha ulezi. Bibi akipanda, Mpui nzima itapanda. Akikataa, gari litauzwa. Kiti cha nyuma alikaa Huseni, baba yake mdogo, ambaye haisi yake imelala uani mjini bila tone la mafuta tangu dizeli ipande bei. Ndiye aliyeapa kwamba umeme ni wa kuchemshia chai. Leo kaomba lifti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Halitaniua hili?"

"Labda liue haisi ya baba mdogo."

Bibi akacheka, akapanda. Huseni hakucheka.

Jua likazama. Baridi ikapenya hadi kwenye mifupa. Kisha ile harufu...

Dizeli.

Naima akasimama kando ya barabara, akalizima gari. Kimya. Upepo ukipita kwenye mabua makavu. Halafu, chini ya viti:

Kho... kho-kho... nguruuu...

"Shuka, mwanangu," Dominika alinong'ona, rozari mkononi. "Humu mna mtu."

"Kama yumo, atalipa nauli kama wengine."

Alishuka, akafungua mlango wa nyuma. Akapenyeza mkono chini ya kiti. Akagusa kitu laini, kilicholowa. Kitambaa cheusi, kimefungwa mafundo, kinachuruzika dizeli. Akakitupa shambani.

Mngurumo haukukoma.

Ulikohoa mara mbili, ukapumua, ukakohoa tena. Kikohozi hicho Naima alikijua. Ndicho kilichomwamsha kila alfajiri ya utoto wake.

Haisi ya Huseni.

"Nguruma mpaka uchoke!" aliufokea. "Kesho nakuja Mpui. Keshokutwa nakuja. Na nauli sipandishi!"

Akamgeukia baba yake mdogo. Alikuwa amepandisha miguu yote kitini, kama mtu aliyezingirwa na siafu.

"Baba mdogo, mlango uko wazi. Mbona hushuki?"

Huseni aliitazama sakafu ikitetemeka. Kisha akasema, kwa nguvu, hata Dominika akaacha kusali:

"Kitambaa nilikiweka mimi! Nilitaka wanuse, wakukimbie, warudi kwangu. Mganga aliniuzia harufu, Naima. Wallahi, harufu tu. Huu mngurumo... sikuununua."